Cleotha Gatlin Ajifunza Kukaanga Kuku Akiwa na Miaka Sitini na Mitatu

Ronetta hakusalimia. Alipiga simu kutoka Chicago Jumatatu asubuhi, baba yake akapokea huku anakoroga kahawa, na neno la kwanza alilosikia ni hili:

"Baba, mama amekula nini jana?"

"Amekula vizuri tu," akajibu Cleotha.

"Sijauliza amekulaje. Nimeuliza amekula nini."

"Supu."

"Ya kopo?"

Cleotha akakohoa kidogo.

"Na juzi?"

"Supu vilevile. Ila kopo jingine."

Kimya. Tena kimya cha Ronetta si kimya cha bure, ni kimya cha mtu anayetafuta funguo za gari. Kisha akasema taratibu, neno moja moja, kama anayemsomea mtoto: "Nakuja Jumapili. Nikimkuta mama bado ananyweshwa makopo, naondoka naye. Chumba kipo, daktari yupo, kila kitu kipo. Usibishane na mimi, baba." Akakata.

Cleotha akabaki ameshika simu sikioni, kahawa inapoa. Alihisi kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake cha siku zote, halafu kiti hakipo.

Sasa msimwone Cleotha Gatlin mjinga. Pale Tarpley, kijimji chetu cha Delta ya Mississippi, hakuna dereva aliyemfikia. Miaka thelathini na mitano kabeba pamba na soya kwenye lori la magurudumu kumi na nane, kapita kwenye barafu, kapita kwenye mafuriko, na injini akiisikia tu inakohoa anakwambia ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Mwenyewe alikuwa hachoki kuyasema hayo. Ukimuuliza saa anaanzia mwaka alioendesha na breki moja. Lakini jiko la nyumbani kwake alilijua kama mgeni anavyolijua: ni mahali chakula kinapotokea.

Chakula kilikuwa kinatokea kwa mkono wa Verlean, mkewe wa miaka thelathini na minane. Ijumaa kambare, Jumapili kuku, vyote vimezama kwenye mafuta mpaka vikatoka na rangi ya shaba, na harufu yake inatembea mtaa mzima kualika watu ambao hawakualikwa. Halafu wiki saba nyuma kiharusi kikampitia Verlean upande wa kulia. Ulimi kikauacha, mguu kikauchezea kidogo akapewa fimbo, lakini mkono wa kulia kikauchukua. Ukawa unaning'inia tu.

Wiki tatu za kwanza kina dada wa kanisani walileta vyakula, sahani juu ya sahani, ndivyo desturi ilivyo. Wiki ya nne desturi ikaisha, kila mtu akarudi kwenye sufuria yake. Cleotha akaingia dukani akanunua makopo. Na Verlean, mwanamke aliyekuwa akicheka vyombo vinatikisika kabatini, akakaa kwenye kiti chake sebuleni, akanywa vijiko viwili, akasema ameshiba, akageukia dirisha. Pete yake ya ndoa ilikuwa imeanza kumtoka kidoleni kwa kukonda. Cleotha aliikuta siku moja kwenye kisahani cha sabuni, akadhani mkewe ameivua makusudi, akaona amepatwa na jambo kubwa kuliko kiharusi. Akairudisha pale pale bila kusema.

Kuna swali moja angemuuliza mkewe na mambo yangekwisha: Unataka kwenda Chicago? Hakuuliza. Mtu aliyeendesha na breki moja aliogopa maneno matatu, kwa sababu jibu lingeweza kuwa ndiyo.

Basi akaamua atakaanga kuku. Ronetta ashuke kwenye gari Jumapili aikute meza imesimama kama zamani, akose la kusema. Kule kwetu Jumapili bila kuku wa kukaanga ni Jumatatu iliyovaa suti.

Akatoka nje kumtafuta jirani yake Dewitt, ambaye ndiye hukaanga samaki uani mwa kanisa wakati wa kuchangisha pesa za paa. Dewitt alikuwa anakata majani. Akazima mashine.

"Kukaanga?" Dewitt akasema. "Wewe?"

"Mimi. Kuna nini? Mafuta, moto, kuku. Nimeshusha lori mlima wa barafu, ndugu yangu. Nitashindwa na kuku, tena maiti?"

"Lori lilikuwa linakuogopa kwa kelele zako. Mafuta hayana masikio." Dewitt akajifuta jasho. "Sawa, nikupe siri ya wanaume. Tupa kijiti cha kiberiti kwenye mafuta. Kizima, hakijawashwa. Mafuta yakifika, kijiti kinawaka chenyewe."

"Usinifanye mtoto."

"Jaribu. Kisha uje uniombe radhi."

Jumanne mchana Verlean amesinzia kwenye kiti, Cleotha akajifungia jikoni. Akatoa sufuria kubwa nyeusi ya chuma aliyoachiwa Verlean na mama yake, akaiweka kwenye gesi, akamimina mafuta mpaka ukingoni. Kwenye malori alijua tangi nusu ni umaskini. Akawasha moto wote. Kuku akamwosha kwenye bomba, akamkung'uta mara moja kama mtu anayekung'uta mwavuli, akamweka pembeni, maji yanamtiririka. Kisha akadondosha kijiti cha kiberiti.

Kijiti kikaelea. Cleotha akainama kukiangalia, anajichekea: Dewitt bwana. Kikawaka. Fwaa, katikati ya mafuta, peke yake, bila mkono wa mtu. Cleotha akaruka nyuma mpaka mgongo ukagonga friji. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na hakuwahi kuona kitu kinachojiwasha chenyewe isipokuwa kwenye mahubiri.

Alipopata pumzi akakitoa kijiti kwa kijiko, akaona sasa ndio wakati, akashika mapaja mawili yanayochuruzika maji akayatumbukiza kwa pamoja, kutoka juu, kama anayetupa mawe kisimani.

Ndugu zangu. Mafuta hayakuchemka, yalisimama. Yalipanda, yakavuka ukingo, yakashuka ubavuni mwa sufuria yakaukuta moto wa gesi unayasubiri, na jiko zima likashika. Moto ukafika kwenye kofia ya kuvutia moshi juu ya jiko. King'ora cha moshi kikaanza kulia. Cleotha hakusikia kitu. Mwili wake ulifanya kile miili yote ya wasiojua hufanya: mkono ukaenda kwenye jagi la maji.

"Cleotha. Weka hilo jagi chini."

Sauti ilitoka mlangoni. Haikupanda hata kidogo, ilikuwa sauti ya kumwambia mtu afunge mlango wa friji. Verlean amesimama na fimbo yake. Akaiacha fimbo ianguke, akachomoa sinia la kuokea kwenye rafu kwa mkono wa kushoto, akaja nalo kutoka ubavuni, akalisukuma juu ya sufuria, likafunika. "Zima gesi," akasema. Cleotha akazima. Moto wa ndani ukakosa pumzi ukafa. Uliobaki pembeni Verlean akaumwagia pakiti nzima ya chumvi, ukafa nao.

Wakabaki wanatazamana kwenye moshi. Ukuta mweusi. Nusu ya nyusi ya Cleotha haipo.

"Maji kwenye mafuta yanayowaka," Verlean akasema, "sasa hivi tungekuwa tumesimama mbele ya Petro na wewe ungekuwa unamwelezea habari za lori."

Cleotha akachukua kitambaa. Lakini kilichomshtua kuliko moto kilimjia baadaye, anafuta masizi: Verlean alikuwa hajasema maneno mengi hivyo tangu kiharusi.

"Ulikuwa unafanya nini?" akauliza.

"Nakaanga kuku. Ronetta anakuja Jumapili." Akasita. "Anataka kukuchukua."

Verlean akanyoosha mkono apewe fimbo yake. Hakusema ataenda, hakusema haendi. Akasema, "Na mafuta yamejaa hivi ulitaka kumkaanga au kumbatiza? Kesho niletee kiti hapa jikoni."

Jumatano kiti kikaletwa. Verlean akakaa, fimbo mapajani, na shule ikafunguliwa. Cleotha aliacha darasa la tisa kwa kuchoka kuambiwa la kufanya, na sasa ona.

"Mafuta nusu sufuria. Yapungue nusu, yasizidi. Kuku anapoingia, mafuta yanapanda, yanataka pa kupandia." "Mkaushe. Si hivyo, hujamkausha, umemsalimia. Kausha mpaka karatasi itoke kavu. Mafuta na maji ni wakwe, ukiwakutanisha patakuwa na fujo." "Unga tia kwenye mfuko wa kaki, kuku ndani, kunja mdomo wa mfuko, tikisa." Cleotha akatikisa, mfuko ukapasuka chini, akageuka mweupe kuanzia kifuani mpaka viatuni. Verlean akageukia ukuta, mabega yanacheza. "Sasa mlaze, mwache robo saa, unga umshike. Ukimtumbukiza haraka, nguo yake itabaki kwenye mafuta na yeye atatoka uchi."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka Verlean alipokwenda msalani. Mafuta mapya yalikuwa yameishia kwenye moto wa jana. Nyuma ya jiko kulikuwa na makopo mawili ya kahawa yasiyo na kahawa, yana mafuta yaliyokwisha kukaangiwa na kuchujwa, kama ilivyo kwenye kila jiko la Tarpley. Hayana maandishi. Mwenye jiko anajua, na asiyejua hana shughuli nayo. Cleotha akachukua la kushoto.

Kuku alitoka na rangi nzuri mpaka akataka kumpiga picha. Dewitt akafuata harufu, akaingia bila hodi, akapewa paja. Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akamwangalia Cleotha, akaliangalia paja, akaligeuza kulitafuta upande wa pili.

"Kaka," akasema, "huyu kuku alikuwa anaogelea?"

Verlean aliyekuwa ndio anarudi akasimama mlangoni, akavuta hewa puani mara moja tu. Fimbo ikagonga sakafu. "Bwana Gatlin." Akimwita Bwana Gatlin ujue mambo yameharibika. "Umemkaanga kuku kwenye mafuta ya kambare?"

"Kopo halijaandikwa."

"Na mimi sijaandikwa jina, mbona hukosei ukaenda kulala kwa Dewitt?"

Dewitt akajibanza na paja lake karibu na mlango. "Dada Verlean, mimi nitalimaliza tu. Nikifumba macho ni Ijumaa."

Cleotha alishangaa kwamba miaka yote ile jikoni mwake kulikuwa na sheria zote hizo, tena kali kuliko za barabarani, na yeye anapita tu kuchukua barafu.

Alhamisi akaungua. Si sana. Alimweka kuku kwenye mafuta kwa kumwelekeza tumboni kwake, tone likaruka likamshika mkono, akapiga ukelele wa kuamsha wafu. Verlean akamvutia bombani, akauacha mkono chini ya maji baridi. "Mlaze kuelekea mbali na wewe. Kama unamlaza mtoto, kichwa kule, miguu huku. Yakiruka yarukie ukuta."

Mikono yao ilikuwa sambamba pale kwenye sinki. Cleotha akaona alama yake mpya, nyekundu, ndogo kama punje ya njegere. Kisha akauona mkono wa mkewe. Toka kiganjani mpaka kiwikoni, alama kumi, ishirini, nyeusi, zingine zimefifia. Alikuwa anaziona tangu zamani. Alidhani ni ngozi yake tu, watu wana madoa.

"Hizi," akasema. "Hizi zote ni mafuta?"

"Ulidhani ni nini? Nyota?" Verlean akaonyesha kwa kidevu. "Hii ni siku kaka yako alipokuja na watu kumi na mmoja bila kusema. Hii nilikuwa na mimba ya Ronetta, tumbo linanizuia kusogea. Hii hapa ulikuwa unaniita sebuleni uniulize rimoti iko wapi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa amelala kitanda kimoja na hizo alama miaka thelathini na minane. Akafunga bomba. Akakaa kwenye kile kiti cha mwalimu bila kuombwa, na kwa robo saa nzima Cleotha Gatlin hakuwa na hadithi ya lori.

Ijumaa akamtoa kuku wa dhahabu nje, ndani damu. Moto mkali mno. "Nje amevaa suti, ndani bado yuko bandani," Verlean akasema, akamfundisha kusikiliza. "Funga macho. Akiingia anapiga kelele, ni maji yake yanatoka. Mwache apige. Kelele zikipungua, akianza kunong'ona, ujue amemaliza maneno. Mtoe, umweke kwenye wavu, usimrundike, atalowa kwa jasho lake mwenyewe." Hilo Cleotha akalishika mara moja. Ilikuwa injini tu. Akafunga macho, akainamisha kichwa, akasema "sasa," akakata paja mpaka mfupani, na halikuwa na damu. Verlean akaitikia kwa kichwa mara moja, kwa shida, kama anayelipishwa. Kisha akala shingo na kipande cha mgongo, akakiri kwamba kinalika.

Jumamosi asubuhi Cleotha akapiga simu mwenyewe, kifua mbele.

"Mama yako jana amekula kuku. Nimekaanga mimi."

"Wewe?" Ronetta akasema. Hata yeye alishtuka, ilisikika. "Amekula kipande gani?"

"Shingo na mgongo. Si unajua anavyopenda."

Funguo za gari zikalia upande wa pili wa simu.

"Baba. Tangu nizaliwe umewahi kumwona mama anakula kidari?"

Cleotha akafikiri. Kidari ni chake. Mchungaji akija, kidari ni cha mchungaji, na yeye anachukua paja. Paja jingine la Ronetta. Mabawa ya wageni. Na Verlean anakuja kukaa mwisho kabisa, aproni bado kiunoni, anasema nyie kuleni, mimi napenda shingo.

"Anasema anapenda shingo."

"Kila mama anasema anapenda shingo," Ronetta akasema. "Nani anapenda shingo, baba? Ina nini cha kupendwa?"

Cleotha alitoka akakaa barazani mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Dewitt alimpungia mkono, hakuona. Alikuwa amejaribu kuhesabu Jumapili za miaka thelathini na minane akashindwa, kila akifika mahali anaona shingo. Akajisemea moyoni: Mwanamke kamla kuku wangu upande wa mifupa maisha yake yote, na mimi nimekaa pale nasema ongeza pilipili.

Jumapili hakwenda kanisani. Alivaa shati la kanisani, akalifunika kwa aproni ya maua, akakaanga. Alipotoka Ronetta kwenye gari la kukodi, meza ilikuwa imesimama: kuku kwenye sinia, mboga za majani, wali wenye mchuzi, mkate wa mahindi ulioletwa na mke wa Dewitt kwa sababu miujiza ina mipaka. Ronetta aliburuta begi kubwa, jepesi, halina kitu ndani. Cleotha aliliona lilivyokuwa linarukaruka kwenye ngazi, na moyo wake ukaruka nalo.

Mkono wa pili kabeba boksi. "Mama, nimekununulia hii. Tutaitumia kule. Inakaanga bila mafuta."

Verlean akaiangalia mashine kama kitu kilichodondoka kutoka juu. "Inakaanga kwa nini?"

"Kwa upepo."

"Upepo."

"Upepo wa moto, mama. Unazunguka."

"Huo upepo tunao hapa mwezi wa nane wote," Verlean akasema, "na haujawahi kuivisha kuku."

Wakakaa. Cleotha akaomba, sala fupi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akasimama, akachukua kidari kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya mkewe kwa mikono miwili. Yeye akajiwekea shingo na mgongo. Ronetta aliona, akauma mdomo.

Verlean akakitazama kidari. Akamtazama mumewe. Akauma kidogo, akatafuna. Akatafuna tena. Akanywa maji. Akauma mara ya pili, safari hii kidogo zaidi, kisha akakiweka chini akajifuta vidole.

Ronetta akaacha kula.

"Mama, huli," Ronetta akasema taratibu, na jicho lake likaenda kwenye begi lililosimama mlangoni. Cleotha naye akalitazama begi. Wiki nzima, nyusi, mkono, yote. Mke wake hali, na sasa anaondoka.

Ndipo mkono wa kushoto wa Verlean ukavuka meza. Ukapita bakuli la mboga, ukapita wali, ukatua kwenye sahani ya Cleotha ukachukua shingo.

"Nani kakupa shingo yangu?" akasema, akaanza kuila.

Baba na binti wakaduwaa. Verlean alikuwa anapita kwenye mifupa kama mtu anayepiga kinanda, kila mfupa unatoka safi. Akamaliza, akachukua na mgongo.

"Mama," Ronetta akasema, "unaipenda kweli?"

"Nimesema miaka thelathini na minane kwamba naipenda. Neno gani hamkuelewa? Kidari ni pamba. Kikubwa, kizuri, hakina utamu. Ndiyo maana kinapewa wachungaji. Utamu wote uko kwenye mfupa na ngozi, na mama yangu aliniambia: mpe mwanamume kidari, atajiona mfalme, hatakuja jikoni kuuliza kimebaki nini."

Cleotha alishika kingo za meza. Alikuwa amejutia mchana kutwa barazani, na kumbe aliyepunjwa ni yeye.

"Mama, nimelia kwa ajili ya hiyo shingo," Ronetta akasema. "Nimewasimulia watu ofisini wakalia."

"Umewaliza bure. Waombe radhi."

Ronetta hakucheka. Akaweka uma chini. "Sawa. Lakini umekonda, mama. Wiki saba hukula, na hiyo si shingo wala kidari. Njoo na mimi."

Na hapo mdomo wa Cleotha ukatoa lile swali, kabla hajauzuia. "Verlean. Unataka kwenda?"

Akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe. Verlean naye alishangaa, aliuweka mfupa chini.

"Ona," akasema. "Wiki saba, ndio leo mtu ananiuliza kitu. Mnanipangia, mnanipitishia kijiko, mnaongea juu ya kichwa changu kama niko msibani kwangu. Mtu umemkalisha dirishani kutwa nzima, hana kazi, mkono umekufa, njaa aitoe wapi? Ungeniletea mbuzi mzima nisingekula." Akamwelekezea Cleotha kidole chenye mafuta. "Kisha Jumanne huyu akataka kuichoma nyumba. Tangu siku hiyo nikiamka asubuhi nina kazi. Nina mwanafunzi, mzito wa kichwa, anaungua kila siku. Nimwachie nani?"

Cleotha alidhani wiki nzima anamlisha mkewe. Kumbe kilichomshibisha ni kumfokea. Akajifanya anatafuta chumvi.

"Usitafute chumvi mezani, ungeitafuta jana," Verlean akasema. "Umetia chumvi kwenye unga, kwenye nyama hukutia. Nyama inalala na chumvi usiku kucha. Chicago nitakuja mwezi wa kumi na moja, siku nne, siku ya tano naanza kununa. Begi lirudi tupu kama lilivyokuja."

Ronetta akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Na hiyo mashine?"

"Wewe kule unakaangia hiyo?"

"Ndiyo."

"Na kwa mafuta?"

Ronetta akaangalia sahani yake. Ikabidi baba yake amgeukie, akamwangalia vizuri huyu binti wa miaka thelathini na sita aliyewafokea watu kwa simu wiki nzima. "Ronetta," akasema polepole, "hujawahi kukaanga kuku?"

"Nilikuwa nasoma, baba. Nilikuwa naogopa yale mafuta. Msinitazame hivyo."

Verlean alikuwa ameshika fimbo, tayari anasimama. "Kuna mabawa sita yamebaki. Vua hilo koti."

Dakika kumi baadaye Ronetta alikuwa mbele ya sufuria ya bibi yake, amekunja shati la hariri mpaka mabegani, bawa linaning'inia kwenye vidole viwili kama panya aliyekufa, na Cleotha amesimama nyuma yake mikono kiunoni, anamweleza kwamba mafuta ukishayaelewa ni kama injini tu, hayana ujanja, yeye mwenyewe yalimchukua siku moja kuyamudu, siku moja na nusu. Ronetta akaliachia bawa kutoka juu. Mafuta yakaruka, wote wawili wakarukia nyuma wakabanana kwenye friji, na Verlean kwenye kiti chake akaanza upya, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Dewitt.